Mlango wa seva ya ushirika usifunguliwe kwa nywila moja ya watu wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo kwa sisi wa Mtwara na Lindi linamfikia kila mkulima mwenye mikorosho, nalo ni namna vyama vyetu vya ushirika vinavyofungua njia ya kupeleka mafaili kutoka mbali kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi inayopokea na kutunza mafaili. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta, naishi Masasi, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiitwa na vyama vya msingi na ofisi nyingine kuweka njia hizo au, mara nyingi zaidi, kurekebisha zile zilizowekwa kwa haraka siku chache kabla ya mnada wa kwanza.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, mkulima halipwi palepale kwenye mizani. Hupima korosho zake AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, mzigo huenda ghala kuu, mnada hufanyika, na fedha humfikia baadaye kupitia benki. Kati ya mizani na benki kuna orodha: jina la mkulima, namba yake ya simu, akaunti yake, kilo zake, daraja la korosho na makato. Zamani orodha hiyo ilikuwa daftari lililosafiri mkononi mwa katibu. Leo ni faili ambalo karani huliandaa kwenye kompyuta mpakato na kulipandisha kwenye seva ya ofisi ya juu, na faili hilo likikosewa, likikatwa au likisomwa na asiyehusika, atakayepata hasara ni mtu aliyepalilia na kupuliza salfa tangu katikati ya mwaka.

Msimu mmoja niliitwa na ofisi ambayo sitaitaja, baada ya wakulima wa chama kimoja kulalamika kwamba baadhi yao wamelipwa na wengine hawakuonekana kabisa kwenye malipo. Orodha ilikuwa na wakulima 412. Karani aliipandisha jioni kwa mtandao wa simu, mtandao ukakatika katikati, na seva ikabaki na faili lenye majina 260 na kidogo. Kwa kuwa faili lile nusu lilikuwa limekwisha kupewa jina lake kamili, mhasibu alipolikuta asubuhi hakuwa na sababu ya kulitilia shaka, akalifanyia kazi. Malalamiko yalipoanza na faili kutafutwa, ilikutwa kwamba mtu mwingine alikuwa amekwisha kulifunika kwa orodha ya wiki iliyotangulia. Nani? Daftari la matukio la seva lilitaja jina moja tu la mtumiaji, kwa sababu vyama vyote vilivyokuwa chini ya ofisi ile, wahasibu wake na hata kampuni iliyouza mfumo walikuwa wakiingia kwa jina hilo moja na nywila hiyo moja. Anwani za mtandao nazo hazikusaidia, maana kampuni za simu huwatoa wateja wengi kwenye intaneti kupitia anwani moja ya pamoja, kiasi kwamba karani wa Newala na karani wa Nanyumbu wanaweza kuonekana kwenye seva kama mtu mmoja.

Karani alisimamishwa kazi. Ni kijana aliyekuwa ameajiriwa kwa msimu, na hakuwa na chochote cha kumtetea isipokuwa neno lake. Zilipita siku tisa kabla sijapewa kompyuta yake na kukuta ndani yake nakala kamili ya majina 412, pamoja na kumbukumbu ya programu yake ya kupandishia iliyoonyesha saa na dakika ambapo muunganisho ulikatika. Alirudishwa kazini, na wakulima waliosahauliwa walilipwa, lakini siku tisa ni nyingi kwa mtu aliyeahidi ada ya shule na kwa kijana anayenyooshewa kidole kijijini kwao. Sikuona uovu wa mtu katika jambo lile. Niliona seva iliyofunguliwa vibaya tangu siku ya kwanza, na fundi aliyeifungua akalipwa na kuondoka.

Njia iliyokuwa imetumika kupandisha mafaili ni FTP, na bado naikuta kwenye ofisi nyingi za huku kwa sababu ndiyo ambayo mafundi wengi hujifunza mwanzo. FTP ni itifaki, yaani utaratibu wa kompyuta kuwasiliana, ya zamani sana. Ilielezwa mara ya kwanza Aprili 1971 na Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, wakati kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe wakifahamiana. Maelezo yake yanayofuatwa hadi leo yalichapishwa Oktoba 1985. Katika mazingira ya wakati ule haikuonekana haja ya kuficha chochote, kwa hiyo jina la mtumiaji, nywila na faili lenyewe vyote hupita wazi. Kutuma orodha ya malipo kwa FTP ni kama kumpa kondakta wa basi la Dar es Salaam bahasha isiyobandikwa, iliyoandikwa juu yake mahali ufunguo wa kabati unapowekwa: kila anayeishika njiani anaweza kusoma, na aliyesoma leo anaweza kurudi kesho kufungua kabati.

FTP ina udhaifu wa pili, ambao watu hawausemi sana lakini kwenye kazi ndio unaoleta madhara makubwa. Haitumii njia moja. Mazungumzo hupita kwenye mlango namba 21, ule ambao mafundi huuita poti, lakini faili lenyewe hupita kwenye mlango mwingine unaofunguliwa kila mara faili linapotumwa. Ukuta wa kinga wa seva, yaani programu inayoamua milango ipi iwe wazi, ukiwa mkali, karani ataweza kuingia, lakini orodha ya folda haitaonekana na faili halitapanda. Fundi mwenye subira hutenga kundi dogo la milango kwa kazi hiyo. Fundi aliyechoka, simu zikimlilia kutoka vyama kumi na vinne, huuzima ukuta wote ili kazi iende, akijiambia kwamba ataurudisha jioni. Nimekuta kuta zilizozimwa hivyo kwa misimu miwili.

Dawa ya tatizo hili ina karibu miaka 30. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, uliingiliwa na mtu aliyekuwa akidaka nywila zikipita, na mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika programu ya SSH ili mazungumzo ya kompyuta na kompyuta yasimbwe, yaani yageuzwe yasisomeke na asiyehusika, mwanzo hadi mwisho. Alipewa mlango namba 22, uliokuwa mtupu kati ya 21 wa FTP na 23 wa telnet, njia ya zamani ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Ndani ya SSH ndimo ilimozaliwa SFTP, ambayo licha ya jina lake haikutokana na FTP ya zamani: hupitisha kila kitu, nywila na mafaili, katika njia moja iliyofungwa, kupitia mlango huo mmoja wa 22. Programu huria ya OpenSSH, iliyotolewa mara ya kwanza Desemba 1999, huja pamoja na karibu kila seva inayotumia mfumo endeshi wa Linux na hailipiwi. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliondoa kabisa uwezo wa kufungua FTP mwaka 2021. Sioni hoja gani imebaki ya kuendelea nayo kwenye malipo ya wakulima.

Hata hivyo, kuweka SFTP peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuiweka vibaya vilevile, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa najua vijana wengi wa fani hii katika mikoa yetu husoma ukurasa huu. Kila chama kiwe na akaunti yake kwenye seva, na chama chenye makarani wawili kiwe na akaunti mbili. Akaunti hizo ziwekwe kwenye kundi moja, na katika faili la mipangilio la sshd_config kundi hilo lilazimishwe kutumia internal-sftp pekee, ili karani asiweze kuamrisha seva chochote zaidi ya kupandisha na kupakua. Kisha kila akaunti ifungiwe ndani ya folda yake kwa ChrootDirectory, karani akiingia asione folda ya chama jirani wala mafaili ya mfumo.

Hapo ndipo mafundi wengi hujikwaa. Folda ya kufungiwa, pamoja na kila folda iliyo juu yake, lazima iwe mali ya msimamizi mkuu, yule aitwaye root, na isiruhusu mwingine yeyote kuandika ndani yake. Sharti hilo lisipotimia, seva humpokea karani, humtambua, kisha humkatia muunganisho papo hapo bila kumweleza sababu. Sababu imeandikwa kwenye daftari la matukio la seva, ambalo fundi mwenye haraka halifungui. Badala yake huondoa masharti yote ya ruhusa kwa amri ya 777, ambayo humpa kila mtumiaji wa seva haki ya kuandika ndani ya folda hiyo, na kwa kufanya hivyo hulifanya tatizo lilelile kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa SSH hukataa folda iliyoachwa wazi namna hiyo. Mwishowe hukata tamaa na kurudi kwenye FTP. Suluhisho ni jepesi: folda ya nje ibaki mikononi mwa msimamizi mkuu, na ndani yake iundwe folda ndogo, mathalani iitwayo mapokezi, ambayo ndiyo karani atakayoimiliki na kuandikia. Nimewahi kusafiri hadi Nachingwea kwa ajili ya jambo hili tu, na kazi ilichukua dakika chache.

Kuhusu nywila, ushauri wangu ni kuziondoa kabisa kwenye mlango huu. Seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hugongwa mchana na usiku na programu zinazojaribu majina na nywila za kawaida, na kubadilisha namba ya mlango hupunguza kelele hizo bila kumzuia mwenye nia. Karani apewe jozi ya funguo za kidijitali, ambazo ni mafaili mawili madogo yanayokwenda pamoja: ule wa siri ubaki kwenye kompyuta ya kazi ukilindwa kwa neno la kufungulia, ule wa wazi uandikishwe kwenye seva. Aina ya ed25519 inatosha kwa kazi hii, na programu za bure za kupandishia mafaili kama WinSCP na FileZilla huzitumia funguo bila shida. Siku karani anapomaliza mkataba, ufunguo wake hufutwa na wengine hawasumbuliwi, tofauti na nywila ya pamoja ambayo, kwa kuwa kuibadilisha kungewasumbua wote, haibadilishwi hata baada ya miaka mitatu na makarani sita kuondoka.

Siku ya kwanza karani anapojiunga, programu humwonyesha alama ya utambulisho ya seva na kumuuliza kama anaiamini. Karibu wote hubonyeza ndiyo bila kusoma. Mimi huichapa alama ile kwenye karatasi na kuibandika ndani ya jalada la daftari la karani, naye huisoma herufi kwa herufi. Ikiwa siku moja programu itamwambia kwamba alama imebadilika, anajua kwamba asiendelee mpaka apige simu. Nimeona makarani ambao hawakupita kidato cha nne wakilifanya zoezi hili kwa umakini unaozidi wa mabosi wao.

Nirudi kwenye majina 412, maana usimbaji usingeyaokoa. Mtandao wa huku hukatika, na hatuna budi kupanga kazi zetu tukilijua hilo. Mwezi Mei 2024 tuliona barabara ya Dar es Salaam ikikatika Somanga kwa mvua na kimbunga Hidaya, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima, kiasi kwamba ndani ya mwezi mmoja basi na intaneti, kila kimoja kwa siku zake, vilishindwa kutegemewa kupeleka faili. Njia salama ni faili kupanda kwa jina la muda na kupewa jina lake halisi baada ya kufika lote. WinSCP hufanya hivyo yenyewe kwa SFTP faili likizidi kilobaiti 100, kwa kuliongezea mwisho wa .filepart, na muunganisho ukirudi huendelea ilipoishia. Faili dogo zaidi ya hapo linahitaji fundi abadilishe mpangilio, na orodha ya wakulima mia nne mara nyingi ni faili dogo. Mhasibu naye afundishwe kutogusa faili lenye jina la muda. Zaidi ya hayo, karani aandike chini ya orodha idadi ya wakulima na jumla ya kilo, ampigie mhasibu amsomee, na mhasibu alinganishe kabla ya kufanya lolote. Simu ya dakika mbili ingetosha kuzizuia siku zile tisa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tuhangaike na seva wakati kuna WhatsApp. Ni kweli kwamba WhatsApp husimba ujumbe njiani. Lakini faili likishatumwa huko hubaki kwenye simu binafsi ya karani, ya mhasibu na ya kila aliyemo kwenye kundi, na karani akiondoka huondoka nalo. Nani atamfutia? Tukumbuke orodha ile ina nini: jina, namba ya simu, benki, kiasi cha fedha na siku zitakapoingia. Matapeli wanaowatumia watu ujumbe wa kutaka fedha zitumwe kwenye namba fulani hubahatisha. Mwenye orodha yetu habahatishi. Anampigia mzee wa Tandahimba akimtajia kilo zake halisi, na mzee ana kila sababu ya kumwamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sidhani kama chama cha ushirika kinaweza kusema hakihusiki.

Lipo pia suala la kampuni zinazouza mifumo. Nyingi hubaki na njia yao ya kuingia kwenye seva kutoka Dar es Salaam, mara nyingi kwa akaunti ya msimamizi mkuu, na viongozi wa chama hawajui hata kama njia hiyo ipo. Sina ubishi na msaada wa mbali, kwa kuwa mimi mwenyewe huutoa. Ninachosema ni kwamba kila fundi awe na akaunti yake yenye jina lake, aingie kwa ufunguo, na akaunti ya root isiruhusiwe kuingia moja kwa moja kutoka nje. Mkataba uandike nani anaruhusiwa kuingia na lini atafutwa, na uandike pia nani atakayesasisha programu, kwa sababu OpenSSH nayo hupata kasoro: Julai 2024 ilitangazwa kasoro kubwa iliyopewa jina la regreSSHion, ambayo kwenye seva zilizoathirika ingeweza kumpa mvamizi mamlaka yote. Marekebisho yalitolewa mara moja, lakini humfaa tu yule aliyeyapakua na kuyaweka.

Ndugu Mhariri, msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba, na kazi niliyoieleza kwa chama kikuu chenye vyama vya msingi ishirini ni ya siku mbili za fundi na nusu siku ya mafunzo kwa makarani. Nawaomba mameneja wa vyama vya Mtwara na Lindi, wa korosho, ufuta na mbaazi, wamwite fundi wao wiki hii na wamtake mambo mawili kwa maandishi: majina ya watu wote wenye uwezo wa kuingia kwenye seva, mtu mmoja kwa akaunti moja, na jibu kama mlango namba 21 bado uko wazi. Akishindwa kuyaleta ndani ya siku moja, bado kuna muda wa kutafuta mwingine kabla korosho hazijafika mizani.

Wako mtiifu,
Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Masasi, Mtwara